Barua ya Wazi kwa Kamati Inayochunguza Kama Nafaa Kufuga Mbwa

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Kuasilisha Mbwa Waliookolewa,
Kituo ambacho jina lake nalihifadhi, maana mmenifundisha faragha.

YAH: OMBI LA MBWA MMOJA, MARA YA TANO

Kichwa cha habari hapo juu chahusika, kama kilivyohusika mara nne zilizopita.

Awali ya yote nakushukuru kwa barua yako ya kunikatalia. Ni barua safi. Ina nembo ya unyayo wa mbwa juu kulia, muhuri wa buluu chini kushoto, na neno "tunasikitika" limo mara tatu. Nilimwonyesha balozi wangu wa nyumba kumi, mzee aliyesoma barua nyingi za kunyimwa vitu katika maisha yake, akasema hii ndiyo yenye heshima kuliko zote.

Mara ya kwanza mlininyima mbwa kwa kuwa sina ukuta. Mara ya pili kwa kuwa sikuambatanisha picha za ukuta huo. Mara ya tatu mdhamini wangu mmoja alikuwa jirani, nanyi mkaandika kwamba jirani huenda akanipendelea. Hapo nikajua hamjawahi kuishi Upare. Safari hii mmesema mazingira ya mwombaji hayamfai mnyama aliyepitia mateso.

Basi niyaeleze hayo mazingira. Nakaa kwenye mteremko juu ya Kisiwani. Nyuma yangu ni msitu, mbele yangu bonde, na ng'ambo ya bonde ni hifadhi ya Mkomazi yote, tambarare mpaka macho yanapoingia Kenya bila pasipoti. Boma langu limezungushiwa minyaa aliyoipanda babu, na minyaa hiyo imezuia fisi, mbuzi wa watu na mashemeji wawili. Ndani yake wameishi mbwa tangu babu alipompata wa kwanza kwa jogoo mmoja na kibaba cha chumvi. Hakuna aliyekuja kupiga picha. Mwenye mbwa aliuliza swali moja tu: "Mkila, naye atakula?" Babu akasema ndiyo. Mkataba ukaisha.

Shida yangu ni nyani. Wanashuka asubuhi umande haujakauka, wamepanga safu kama watumishi wanaokwenda kusaini, dume mbele, na wanavuna kabla yangu. Bila mbwa, mlinzi ni mtoto. Mwaka jana kijana wangu wa darasa la sita alikosa shule siku tisa akikaa kwenye dungu na kopo la mawe. Kwenye fomu yenu, pale mnapouliza "Kwa nini unataka mbwa?", niliandika: "Ili mwanangu aende shule." Mkanijibu kwamba kituo hakitoi mbwa wa kufanyishwa kazi.

Najua msomaji wa barua hii anajiuliza kwa nini nisinunue. Nilijaribu. Muuzaji wa mbwa wa kizungu niliyempigia mjini, miaka sita iliyopita alitaka laki na nusu. Mwaka juzi laki tatu. Safari hii laki sita, "na hiyo ni kwa sababu umenipigia mwenyewe, kaka." Kwa laki sita huku nanunua mbuzi hadi mke wangu aniulize nimeiba wapi. Nilipoguna, akaniambia mtoto huyo wa mbwa ana cheti cha kuzaliwa na karatasi ya ukoo mpaka babu wa babu yake, Ujerumani. Mimi cheti changu cha kuzaliwa nilikipata nikiwa na miaka 41, baada ya kuapa mbele ya wakili kwamba kweli nilizaliwa.

Na mbwa wa kijijini je? Jirani yangu, yule mnayedhani atanipendelea, ana simu kubwa. Ameziona bei za mjini. Sasa watoto wa koko lake, waliozaliwa chini ya ghala na baba asiyejulikana, anawaita chotara. Elfu themanini mmoja. Nilimkumbusha kwamba mama yao nilimpa mimi, bure, akiwa hajafumbua macho. Akasema ile ilikuwa zamani, siku hizi kuna soko.

Ndiyo nikaja kwenu. Bango lenu lilisema msinunue mbwa, njooni mwaasili waliookolewa, wanangoja upendo. Nikasema, upendo ninao. Kumbe kuna fomu.

Kurasa saba, Mwenyekiti, za Kiingereza, kwa ajili ya mbwa ambaye nina hakika naye hajui Kiingereza. Mpwa wangu wa kidato cha nne alinitafsiria kwa siku mbili. Mbwa ataachwa peke yake saa ngapi kwa siku? Huku kwetu hata marehemu haachwi peke yake. Ukienda likizo utamwacha na nani? Ndugu yangu, sisi ndio mnaokuja kwetu likizo. Je, ataruhusiwa kupanda kochi? Nina viti vitatu na mkeka. Kochi likipatikana, mimi nitapanda kwanza. Je, wanafamilia wote wameridhia? Nilikwenda kumuuliza shangazi, akauliza kama na yeye aliporithishwa wajukuu watano kuna mtu alimletea fomu.

Mkataka barua ya mtendaji. Nikashuka. Mtendaji alikuwa semina. Nikashuka tena. Mtendaji alikuwepo, muhuri ulikuwa semina. Mara ya tatu aliniandikia, akaacha nafasi mahali pa kutaja shughuli, kwa sababu hajawahi kumtambulisha mtu kwa mbwa. Mkataka namba ya NIDA, paspoti saizi mbili, na picha nne za nyumba kutoka pande zote. Upande wa nyuma wa nyumba yangu ni mlima. Nilipiga picha ya mlima.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Juma lilelile nilipopokea barua yenu ya pili, gari la matangazo lilipita barabara ya chini. Spika ikasema kila mwenye mbwa amfungie, watakaokutwa wakizurura watapigwa risasi kwa usalama wa wananchi. Alfajiri tulisikia milio. Nilihesabu saba wamelala kando ya lami, na mmoja alikuwa jike ambaye matiti yake bado yana maziwa. Watoto wake hatukuwapata. Nyie mlikuwa wapi? Mlikuwa mnapima ukuta wangu kwenye karatasi. Mnasema hakuna nyumba za kutosha kwa mbwa, nyumba hii hapa imesimama wazi miezi kumi na minne, na mbwa wanakufa kati yetu kwa sababu mmeamua kwamba mtu asiye na tofali hana huruma. Shirika la Afya Duniani limesema miaka nenda rudi: chanja mbwa saba katika kila kumi, kichaa kinakatika, kuwaua hakukimalizi. Risasi zilipatikana. Chanjo tuliambiwa tungoje tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ndipo watakuja na mabango.

Niwie radhi, Mwenyekiti. Nilikuwa nikizungumzia fomu.

Msidhani huku hatujui habari za kuokoa mbwa. Kufikia mwaka 1988 wafugaji walikuwa wametolewa Mkomazi pamoja na ng'ombe wao. Mwaka 1995, katika pori hilohilo, wakaletwa watoto wa mbwa mwitu kutoka nyika ya Umasai, wakajengewa mazizi ya waya, wakapata nyama na daktari. Mbwa mwitu sina kinyongo nao. Wamebaki wachache duniani, na marehemu Tony Fitzjohn, aliyekuja huku baada ya miaka mingi na George Adamson, mlezi wa simba, kule Kora, Kenya, aliwafanyia kazi ambayo wengi wetu tusingeiweza. Ila tukumbushane jambo moja. Mbwa wale walikuwa na uzio mzuri kuliko wowote mnaonidai mimi. Kati ya Desemba 2000 na Februari 2001 ugonjwa wa distempa uliingia humo ukaua 49 kati ya 52. Walikuwa wamechanjwa, chanjo yenyewe haikufua dafu. Nimerudia fomu yenu nikahesabu: maswali kumi na moja ya ukuta, moja la chanjo. Mbwa wangu wa mwisho nilimbeba kwenye tenga hadi kwa bwana mifugo kila mwaka, kadi yake ninayo mpaka leo, na hamkuweka mahali pa kuibandika.

Kwa hiyo naleta ombi langu kubwa. Kwa kuwa mkaguzi wenu hawezi kupanda huku, kwani gari la kituo haliwezi mlima na pikipiki haina bima, naomba mumtume mbwa mwenyewe aje akague.

Namsema yule wa banda namba nne, mwenye sikio moja lililokatika, ambaye kwenye picha anaonekana kama mtu aliyengojeshwa sana mapokezi. Mpandisheni basi mpaka Same. Stendi nitampokea mimi, nimevaa koti. Kutoka Same atapanda gari la mchana, na nauli yake naigharamia, siti nzima, asipakatwe na mtu, mkaguzi hapakatwi. Mkimpa begi itapendeza, hata kama ndani hamna kitu. Wakaguzi wengi tuliowaona walikuja hivyo.

Akifika kwenye kitongoji atakuwa mgeni rasmi. Mwenyekiti wa kitongoji atamkaribisha, atatambulisha meza kuu, atawatambulisha na waliokwisha kutambulishwa. Watoto wa shule watasoma risala: kijiji chetu kina nyani wengi, changamoto zetu ni nyani, tunamwomba mgeni rasmi atusaidie nyani. Kisha kitabu cha wageni. Jina, cheo, anakotoka, madhumuni ya safari, sahihi. Mtendaji ameahidi kuleta kidau cha wino, mradi muhuri uwe umerudi, na mgeni ataweka unyayo wake mwenyewe kwenye mstari, siyo nembo ya kuchora kama ya kwenye barua zenu. Safu ya maoni itajazwa na katibu kwa kuangalia mkia.

Chakula kitakuwa makande na kuku. Wageni wote wa serikali waliowahi kuja huku wamekula makande na kuku, na ripoti zao zilitoka nzuri. Posho ya kujikimu ni mfupa wa paja, analipwa kabla ya kazi, asaini.

Halafu aingie kazini. Azunguke minyaa mara nyingi atakavyo. Anuse chungu, anuse pipa la maji, amnuse na shangazi, ambaye amesema atakaa kimya. Awahoji mbwa wa jirani faragha, mimi nisiwepo, wamwambie ukweli kuhusu mwenendo wangu. Usiku alale mahali palepale atakapolala akiwa wetu, barazani, juu ya gunia, mlango wa kijana wangu ukiwa wazi. Asubuhi, nyani watakaposhuka, hatutamwambia afanye lolote. Mmesema hamtoi mbwa wa kufanyishwa kazi. Sisi tutakunywa chai tu tumtazame.

Gari la kurudi Same hupita alfajiri na hupiga honi mara tatu. Akilipanda, nitakubali matokeo, sitakata rufaa, na wanaowajua Wapare wataelewa ukubwa wa ahadi hiyo. Wanasema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Akibaki amelala chini ya mwembe, hiyo ndiyo ripoti. Ifungeni kwenye faili.

Maombi mengine ni madogo. Fomu iandikwe Kiswahili. Mdhamini awe mtu yeyote aliyewahi kunikopesha na nikamlipa. Kochi lifutwe. Mwenye kuuza mtoto wa mbwa kwa laki sita aruhusiwe, ila amwambie mbwa mwenyewe bei hiyo, amwone atakavyocheka. Na mtu anayesema koko lake ni chotara alazimishwe kumtaja baba.

Nimalizie kwa historia kidogo, bila nia ya kumtisha mtu. Mwaka 1945 wazee wetu waliteremka kwa maelfu mpaka bomani Same, kwa ajili ya mbiru, kodi ambayo kila mtu alikadiriwa chake na asijue kimekadiriwaje. Walikaa hapo wiki kwa wiki. Waliambiwa pia kwamba utaratibu ndio huo. Mwishowe kodi iliondoka, wazee wakapanda mlima wakaendelea kulima. Nataja tu kwa kuwa mlininyima mimi, na mlivyopima hadi mkafika hapo sijui, na bomani Same bado kuna kivuli kizuri.

Mahindi yangu yameanza kutoa mbelewele. Naomba majibu kabla hayajafika ya kuchoma. Gari la kupanda huku huondoka stendi ya Same saa nane mchana, na konda nimeshamwambia amwekee mgeni siti ya dirishani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwombaji asiye na ukuta,
Juu ya Kisiwani, Same.