Walezi Wanne wa Chungu Kimoja

Mimea ya roshani yetu, ghorofa ya tatu pale Upanga, Dar es Salaam, ilikuwa na walezi wanne, na hakuna aliyejua habari za mwenzake.

Baba watoto ndiye aliyeileta. Alisimama kwa wauza miche wa kando ya barabara akawaeleza hali yetu: tunatoka alfajiri, tunarudi usiku, na roshani inapigwa na jua la jioni. Wakamchagulia mimea isiyo na makuu: mishubiri miwili, sansevieria ya majani marefu yaliyosimama wima, na ZZ, ile ya majani mazito yanayong'aa. ZZ ikapewa heshima ya kukaa kwenye chungu cheupe cha kaure tulichozawadiwa harusini. Chungu hicho hakikuwa na tundu chini.

Mwezi uleule mama mkwe akashuka kutoka Lushoto kuja kutibiwa macho. Mama ni mkulima, na kwao mche ukinyauka bustanini aibu ni ya mwenye bustani. Kila alfajiri, akishamaliza kusali, alichukua kopo akamwagilia. Dada anayetusaidia kazi naye alimwagilia akishaosha vyombo vya mchana. Mwanetu wa darasa la pili akirudi shule alimimina maji yaliyobaki kwenye chupa yake, maana mwalimu amemfundisha kwamba mimea ni viumbe hai. Usiku baba watoto, hata viatu hajavua, anafungua mlango wa roshani: "Hamjambo wanangu?" Kopo la nne hilo.

ZZ ilipoanza kugeuka manjano, kila mmoja alisikitika kimoyomoyo, akaongeza maji.

Haikuwa kiu hata kidogo. Mmea huu ni wa kwetu: asili yake ni Afrika ya mashariki na kusini, Zanzibar ikiwemo, na umezoea miezi ya ukame. Maji yake unayaweka akiba kwenye viazi vilivyo chini ya udongo na kwenye mashina manene ya majani. Mshubiri huweka akiba ndani ya majani. Mshubiri na sansevieria hufungua vitundu vya majani yake usiku, jua likishazama, ili maji yasipotee bure. Mimea ya namna hii ukiimwagilia kila siku, udongo hujaa maji, hewa hukosa pa kupita, na mizizi huanza kuoza.

Siri ilifichuka Ijumaa moja usiku, sote tukiwa tumesharudi. Jirani wa chini alipiga hodi, kanzu mkononi. Ilikuwa imefuliwa, imetiwa bluu na kuanikwa kwa ajili ya sala ya adhuhuri; sasa mgongoni ilikuwa na michirizi ya tope.

"Shemeji, mimi sina ugomvi," aliniambia kwa upole, "ila mvua ya kwenu haina msimu."

Mama akaipokea ile kanzu aifue mwenyewe. "Nisamehe, mwanangu. Ni mimi, nimemwagilia alfajiri." Dada akasema naye amemwagilia mchana. Mtoto akaitazama chupa yake. Baba watoto akakaa kitini, akashika kichwa.

Tukatoka wote roshanini. Tulipoinua visahani vilivyo chini ya vyungu vya mishubiri, viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinacheza majini, na hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka. Dar es Salaam iliugua homa ya dengi mwaka 2014, ikaugua tena 2019. Mbu anayeieneza, Aedes, huzaliana kwenye maji kidogo yaliyotuama kama hayo na huuma mchana. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi, kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi: kisahani kisuguliwe ukingo wote.

Aliyeiokoa ZZ ni mama. Aliing'oa taratibu, akaipangusa udongo. Viazi viwili vilikuwa vimegeuka uji wa kahawia unaonuka. Kimoja, ukikibonyeza, bado kigumu. Akakikata kwa kisu kikali hadi penye nyama safi, akakilaza juu ya gazeti kivulini siku kadhaa mpaka kidonda kikauke. Baba watoto alitoboa kitako cha ndoo ya rangi kwa msumari wa moto, matundu mengi. Wakachanganya udongo na mchanga mwingi na samadi kidogo tu.

"Tia kidole mpaka kiungo cha pili," mama alimfundisha mjukuu wake. "Ukigusa unyevu, weka kopo chini."

Chipukizi lilichelewa sana, mama alikuwa amesharudi Lushoto, lakini lilitoka. Mmwagiliaji sasa ni mtoto peke yake.

Nawe msomaji, kabla hujaongeza mche mwingine, pindua vyungu vyako uangalie matundu, sugua visahani, na mkubaliane nyumbani ni nani ashike kopo.