Shangazi Plagi Anajibu

*Shangazi, nimenunua Yamaha Banshee iliyotumika hapa Muscat. Kwenye tambarare inakwenda, lakini tukipanda matuta ya Bausher inakata pumzi katikati na wenzangu wananipita wakicheka. Nimepima kompresheni: silinda zote mbili psi 60. Muuzaji anaapa injini ni nzima. Nimrudishie?*
Niliyeachwa Mchangani

Mwanangu, kabla hujamvaa muuzaji, niambie: ulipopiga kiki, resi uliifungua? Silinda mbili kuchoka sawasawa namna hiyo ni nadra, kwa hiyo nakushuku wewe kwanza. Resi ikifungwa hewa haiingii ya kutosha, na geji husoma chini hata kwa injini mpya. Rudia. Iwashe ipate moto, zima, chomoa plagi zote mbili, na waya zake uzigusishe kwenye bodi usije ukaunguza umeme wake. Funga geji, zima choki, resi mpaka mwisho, kisha piga kiki hadi mshale ugome kupanda.

Banshee ambayo haijachokonolewa, kwenye usawa wa bahari, husoma kama 120. Ikishuka chini ya 100, anza kuweka akiba ya pistoni na ringi. Mimi lakini naogopa zaidi tofauti: huyu 120, mwenzake 95. Ndoa hiyo haifiki mbali.

Ikibaki 60, dondosha oili kidogo kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, shuku gasketi ya kichwa. Wauzaji wajanja nao wanalijua hilo: oili hiyohiyo ikitiwa kabla mnunuzi hajafika, injini kongwe husoma kama kijana. Ndiyo maana ya kuiwasha kwanza, moshi utoke.

Halafu fungua ekzosi, umulike tochi kwenye tundu lake. Pistoni yenye mikwaruzo ya wima huenda imekula mchanga, na mchanga hupita kwenye eya klina isiyopakwa oili. Ukifunga pistoni mpya na eya klina ileile, utaniandikia tena.

*Shangazi, yangu inasoma 120 kila upande, lakini nikiachia resi mlio unapanda wenyewe. Fundi anasema ni silensa tu.*
Asiyelala, Dubai

Usiiendeshe! Geji ya kompresheni haioni kilicho chini ya pistoni, na kwenye tustroki petroli na hewa hupitia huko kwanza, kwenye nyumba ya krenki. Sili za krenki zikivuja, hewa ya wizi inaingia, petroli inakuwa haba, pistoni inayeyuka. Mwambie fundi azibe njia ya kabureta na ya ekzosi, ajaze upepo wa psi 6, asubiri dakika 6. Mshale ukishuka, apake povu la sabuni atafute panapotoa mapovu. Akikataa, tafuta fundi mwingine.

*Shangazi, kidole si kinatosha kupima?*
Mbahili, Sur

Kidole kinajua kuna upepo au hakuna. 115 na 85 kwake ni ndugu. Azima geji.