Mjomba na Majumba ya Miguu Mirefu

Mjomba alipokuja Hamburg kututembelea kutoka Tanga, mke wangu alishikilia kwamba mtu wa pwani akikaa muda bila kuona bahari ataugua. Tukampeleka Sankt Peter-Ording, kwenye Bahari ya Kaskazini. Kufika, bahari haipo.

Ufukwe wa pale una urefu wa kilomita 12, na maji yakipwa, kuyafuata yalikokwenda ni safari ya kufungia chakula. Tuliona mchanga tu, na mbali kule majumba ya mbao juu ya nguzo, kama korongo wanaovizia samaki. La kwanza lilijengwa mwaka 1911, waogaji wapate pa kununulia kinywaji. Siku hizi ni migahawa, vituo vya waokoaji na (hili ndilo lililotuhusu) vyoo.

“Wanakimbia bamvua,” Mjomba akasema, hata hajaelezwa. Hapo hapo chai aliyokunywa njiani ikaanza kudai haki yake. Akaitazama ile ngazi, akaninong’oneza: “Mwanangu, kwetu mtu akibanwa anashuka bondeni. Hawa wanapanda!” Akapanda, mkono mmoja kwenye kanzu, mwingine kwenye reli, upepo ukimsukuma arudi chini.

Mgahawani, supu ya samaki ilimtuliza kidogo. Nikamweleza kwamba bahari inaula ule mchanga mwaka hadi mwaka, hata baadhi ya majumba yamebomolewa yakajengwa upya nyuma zaidi, kuelekea nchi kavu. Akaacha kijiko. “Nyumba ina miguu yote hiyo, na bado mpaka ihamishwe na watu?”

Tulipokuwa tunashuka, upepo ukampokonya kofia yake ya viua. Ikabingirika moja kwa moja hadi upande ambako Wajerumani huota jua kama walivyozaliwa. Mke wangu akakumbuka ghafla kwamba amesahau kitu garini. Kabla sijajua la kufanya, babu mmoja akaja mbio na kofia mkononi, mwilini hana kitu ila miwani ya jua.

Mjomba akaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote, macho yake juu kabisa kwenye boriti.

“Mwanangu, nguzo hizi urefu wake kiasi gani?”

“Kama mita 7, Mjomba.”

“Endelea kunieleza,” akasema, shingo imekakamaa, “mpaka aondoke.”