Tunaomba polisi wa mbio: barua ya wazi kwa Baraza la Usalama wa Taifa

Kwa Waheshimiwa Wajumbe,
Baraza la Usalama wa Taifa,
Nairobi.

KUH: OMBI LA KUUNDIWA KIKOSI CHA MBIO, MTAA WA PIONEER, ELDORET

Waheshimiwa,

Natumai barua hii itawakuta nyote mkiwa wazima, na magari yenu yakiwa na mafuta.

Sisi wa Pioneer hatujambo. Tunawaandikia kwa unyenyekevu kwa sababu kila tunapofika kituoni kuripoti kwamba mtungi wa gesi umeibwa, mlango umevunjwa au kijana amevamiwa akirudi kutoka mjini, tunajibiwa kwa upole ule ule: gari lipo, ila halina mafuta. Kisha kimya. Kimya hicho mnakijua. Afisa hutazama dari, na mlalamishi huanza kupapasa mfuko akitafuta simu aone M-Pesa imebaki na ngapi.

Kituo sitakitaja. Kukitaja kimoja ni kuvionea vingine. Ukutani pana tangazo kwamba huduma ni bure, na hatuna ugomvi nalo. Limeandikwa kwa herufi kubwa, linasomeka vizuri, na ndilo pekee mle ndani ambalo halijawahi kutuomba kitu.

Tunachoshangaa, kwa heshima, ni kwamba mji huu si mgeni katika mambo ya usalama. Makurutu wa jeshi letu, KDF, hufunzwa hapa hapa Eldoret, Kambi ya Moi, na siku ya kufuzu kwao wakubwa hushuka, bendi ikapiga, hema zikapambwa. Kiwanda cha risasi cha taifa, Kenya Ordnance Factories Corporation, kiko hapa tangu miaka ya 1990. Eldoret inalipa taifa askari na inalipa taifa risasi. Lita tano za dizeli za kufika Pioneer ndizo zimekosekana. Tarehe 15 Agosti 2024 tulikabidhiwa hati ya kuwa jiji, la tano nchini. Tulishangilia sana. Mwizi wetu naye alipanda cheo siku hiyo. Sasa ni mwizi wa jiji.

Katiba tumeisoma pia, msidhani tunazungumza hivi hivi. Kifungu cha 238 kinaeleza usalama wa taifa kuwa ni kulinda mipaka ya Kenya na watu wake, haki zao, uhuru wao, mali yao, amani yao na ustawi wao, dhidi ya vitisho vya nje na vya ndani. Mali imo. Tulipekua tuone kama pameongezwa kwamba meko ya mama mboga haihesabiwi, hatukupata. Kwa hiyo yule aliyeruka ua usiku na meko mkononi ameshambulia ustawi wa Jamhuri, na Baraza lenu ndilo linalohusika.

Sasa ombi lenyewe. Ikiwa tatizo ni mafuta, tupeni polisi asiyetumia mafuta.

Mnao tayari. David Rudisha alikuwa afisa wa polisi alipomaliza mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 katika Olimpiki ya London, mwaka 2012, na hadi leo hakuna aliyeivunja rekodi hiyo. Mtungi wa kilo 13 ukijaa gesi huzidi kilo 25. Hatujui mwizi yeyote aliyewahi kukimbia mita 800 nao begani kwa muda wa kujivunia. Hesabu iko upande wa serikali.

Vijana wa kuajiri wamejaa. Wanapita barabarani alfajiri, makundi kwa makundi, na wengi hawajaonja hata mbio moja za Ulaya, kwa kuwa katika mji huu mtu anaweza kushika nafasi ya hamsini na angekuwa bingwa wa taifa kwingineko. Waandikeni. Wapeni sare ya buluu, lakini ya kaptura. Mlalamishi akifika kituoni, nambari yake ya OB, kile kitabu cha matukio, ichapishwe kwenye kitambaa na ibanwe kwa pini kifuani mwa afisa. Hivyo, kwa mara ya kwanza katika historia ya Pioneer, nambari ya OB itatoka nje ya kituo.

Konstebo mdogo ataongoza kilomita ya kwanza kuweka kasi, kisha ajiondoe kwa heshima amwachie inspekta. Meza za maji tutazisimamia wenyewe, moja kila baada ya ploti kumi, na hapo mpango wa majirani kulindana, Nyumba Kumi, mlioutangaza mwaka 2013, utakuwa umepata kazi hatimaye. Mwinuko wetu ni kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo mwizi aliyekuja kututembelea kutoka nyanda za chini atakatika pumzi kabla ya kona ya pili.

Lipo suala la mwizi wa hapa hapa, ambaye huenda naye aliwahi kupiga mazoezi. Tumelifikiria. Akimshinda afisa kwa haki, kwa saa iliyokaguliwa na bila kuangusha mtungi, aandikwe kikosini kesho yake asubuhi, na afisa aliyeshindwa aurudishe mtungi kwa mwenyewe akiubeba begani.

Baada ya kila mbio afisa atapimwa, kama wanariadha wote. Mkojo hatuuhitaji. Tunataka avue soksi mbele ya mashahidi wawili na noti zihesabiwe. Akionekana msafi, kina mama watampokea kwa maziwa ya mursik barabarani, kama bingwa aliyetua uwanja wa ndege na medali. Hata akirudisha mtungi uliokwisha gesi, atapewa nusu kibuyu.

Maombi mengine ni madogo, yatawachukua asubuhi moja. Kituo kipate kalamu yake, ifungwe kwa mnyororo. Fomu ya P3 iwepo dawatini, ili mwenye jeraha asitumwe kuifotokopi kwa pesa zake huku damu ikimtoka. Simu ya 999 ipokelewe na mtu. Na mje mfanye kikao kimoja huku kwetu, saa tatu usiku, wajumbe wote 9 mkitembea kwa miguu kutoka stendi, simu zenu mikononi.

Konstebo hatumlaumu peke yake. Tunajua hata tochi yake kainunua kwa mshahara wake. Tangu mwaka 2013 mmekuwa mkikodi magari ya polisi na kuyazindua kwa kamera, lakini gari lisilo na dizeli ni kibanda chenye magurudumu, na mnayemwacha kukilinda ni yule mwenye cheo kidogo kuliko wote.

Lakini msituambie mafuta hayapo.

Gari hilo hilo linaloshindwa kufika mchana huunguruma usiku likizoa vijana waliotoka kazini, na kijana hujua bei ya kushuka kabla hajajua kosa alilopandishiwa. Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, hata hapa Eldoret, hatukusikia gari la vitoa machozi limekwama kwa kukosa dizeli. Juni 2025 yalipatikana mafuta ya kumtoa mwalimu Albert Ojwang Homa Bay na kumfikisha Nairobi, mwendo wa zaidi ya kilomita 300, kwa sababu ya maneno ya mtandaoni yaliyomuudhi mkubwa wa polisi. Alifia mikononi mwa polisi, katika kituo cha Central. Tuliambiwa alijigonga kichwa ukutani. Wataalamu walioupasua mwili wake wakasema majeraha yale mtu hajifanyii. Mnataka tuseme nini? Serikali ina mafuta ya kufuata inachokiogopa yenyewe. Ya kufuata tunachokiogopa sisi, haina.

Na sisi tunajua usalama ukichelewa unagharimu nini. Kiambaa si mbali na hapa. Tarehe 1 Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, kanisa lilichomwa watu wakiwa wamejificha ndani, na makumi ya watu wakafa, wengi wao wanawake na watoto. Walikimbilia kanisani kwa sababu hawakuwa na polisi wa kukimbilia. Wapo wanaopita njia ile kila wiki na hawajawahi kuambiwa ni nani aliyepaswa kufika siku ile.

Samahani, Waheshimiwa. Nirudi kwenye adabu.

Mwaka huo huo wa 2008 tulipata ripoti ya Jaji Waki kuhusu ghasia hizo. Mwaka 2009 tukapata ya Jaji Ransley, ya kurekebisha polisi. Mwaka 2022 mkaunda jopo jingine la polisi, la Jaji Maraga, nalo likakabidhi yake 2023. Katikati, mwaka 2018, mkawashonea polisi sare mpya. Tunashukuru kwa yote. Karatasi hizo zinatosha kupikia mwezi mzima, na kwa kuwa gesi imeibwa, wazo hilo tumelijadili.

Mnapotuletea habari za maendeleo, tafadhali mtuletee mchana. Duka la Pioneer lililozoea kufunga saa nne usiku sasa linafunga saa moja, na wateja wa hizo saa tatu ndio wale wanaorudi kutoka kazini na pesa mfukoni. Mwenye ploti ameinua ukuta, ameutia vigae vya chupa, ameweka grili, kisha amepandisha kodi ya nyumba. Usalama ule ule tunaulipia serikalini, kwa soja na kwa fundi wa kuchomelea. Mwanafunzi anayesoma jioni huacha kipindi cha mwisho ili awahi kufika nyumbani na kipakatalishi chake. Nani atawekeza mahali ambapo biashara inalala na kuku?

Tena imani ikishakwisha, mtu akimwona mwizi hampigii polisi simu. Anapiga mayowe. Mayowe hukusanya umati, umati huleta tairi, na kijana wa miaka kumi na tisa huungua kwa tuhuma ya simu ya mkononi huku watoto wetu wakitazama. Kila moto wa namna hiyo ni taarifa ambayo mtu hakuona faida ya kuipeleka kituoni. Ndiyo sababu hatuwezi kuendelea kucheka peke yetu.

Kifungu cha 240 kinawataka mpeleke Bungeni kila mwaka ripoti ya hali ya usalama wa nchi. Mkikataa kikosi cha mbio, na tunajua mtakikataa, basi ripoti ijayo iongezewe ukurasa mmoja wa vituo vya polisi, kituo kwa kituo: watu wangapi waliripoti, wangapi walifikiwa na afisa, baada ya muda gani, na mafuta yalilipwa na nani. Safu hiyo ya mwisho ndiyo sera ya usalama wa taifa tunayoiomba. Siku itakapojazwa neno moja tu, "Serikali", kutoka juu hadi chini, hamtahitaji kuunda jopo la kuchunguza kwa nini wananchi hawawaamini.

Ni mimi, mpangaji wa Pioneer,

Wenu mtiifu, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja jioni. Baada ya hapo sifungui mlango, hata kwa polisi.