Usiku wa Titanic Nyumbani Kwetu

Ubishi ulizukia mezani, wali maharage bado unafuka moshi. Binti yangu mkubwa, yuko kidato cha tatu, alisema Titanic ilikatika vipande viwili kabla ya kwenda chini. Baba mkwe akaweka kijiko.

"Bibi," akamwambia mjukuu wake, "meli ile ilizama nzima. Nimeiona mwenyewe."

Aliiona kwenye sinema, Tanga, enzi za ujana wake.

"Babu, na mimi nimeiona. Yangu inakatika."

Mume wangu akaamua: Jumamosi zitazamwe zote mbili, kuanzia ya babu.

Mzee hakuwa anabahatisha. Filamu yake, A Night to Remember ya mwaka 1958, imetokana na kitabu cha Walter Lord cha 1955, na Lord alikuwa amewatafuta manusura zaidi ya 60 akawasikiliza. Mtayarishaji wake, William MacQuitty, alikuwa mtoto Belfast meli yenyewe ilipoteremshwa majini mwaka 1911, na aliiona. Hakuna mapenzi ya kubuni humo. Ni ule usiku tu: mlima wa barafu saa 5:40 usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, maboti 20 yaliyotosha kama nusu tu ya watu kama 2,200 waliokuwemo, na meli kupotea saa 8:20. Mimi naiona ndiyo bora kuliko zote mpaka leo. Inazama nzima kwa sababu maofisa waliosalimika waliapa hivyo mbele ya wachunguzi, nao wakaaminiwa.

Jumamosi hiyo ilikuta mabomba makavu kwa mgao. Mtu fulani alifungua koki ya jikoni, akasikia inatoa upepo, akaondoka akaiacha wazi, na kitambaa cha vyombo kimelala juu ya tundu la sinki. Maji yalirudi usiku, wakati sisi tumezama kwenye filamu ya pili, ile ya James Cameron ya 1997, sauti imepandishwa mpaka mwisho.

Kitinda mimba wangu, wa miaka sita, alitoka msalani akasimama mlangoni.

"Mama, chini kuna maji."

"Ndiyo, meli inazama," dada yake akamjibu bila kugeuka.

"Chini hapa."

"Nyamaza, kaa."

Akapanda kwenye kochi, akakunja miguu, akanyamaza. Kitambo kidogo ndala ya babu ikapita mbele ya televisheni, inaelea, kisigino kimetangulia.

Ekstensheni ilikuwa sakafuni. Mume wangu alipiga kelele tusishushe miguu, akaruka kutoka kochi hadi kiti, kutoka kiti hadi meza ya chakula, mpaka akaifikia meni swichi na kuizima. Giza. Tukasikia koki inavyomwaga. Kiroba cha sembe kilikuwa kimelowa mpaka katikati, na zulia lilikuwa zito kama ng'ombe aliyekufa; tulilikokota watu wanne hadi barazani.

Tukiwa tunasukuma maji nje kwa mafagio, binti akamaliza hoja yake. Mwaka 1985 timu ya Robert Ballard iliikuta Titanic kwenye kina cha mita 3,800 hivi, sehemu ya mbele na ya nyuma zimelala mbalimbali. Na wapo waliosema hivyo tangu mwanzo. Eva Hart aliona kutoka kwenye boti meli ikikatika. Akashikilia maneno yake miongo mingi huku akiambiwa amekosea.

"Alikuwa na umri gani siku hiyo?"

"Miaka saba, babu."

Mzee akaegemeza fagio ukutani, akammulika kitinda mimba kwa tochi. "Bwana mdogo, njoo. Uliyaona wapi hayo maji kwanza?" Akamsikiliza mpaka mwisho: mlango wa jikoni, kisha korido, kisha chini ya zulia.

Huku tukikamua mataulo niliwasimulia zilizotangulia. Filamu ya kwanza ilitoka Mei 1912, hata mwezi mmoja haujafika vizuri. Dorothy Gibson, mwigizaji aliyenusurika, aliigiza yaliyomkuta yeye, amevaa nguo zilezile alizookoka nazo. Naumia kufikiria kwamba mtu alitakiwa kurudi kwenye nguo zile haraka hivyo. Nakala za filamu hiyo hazipo tena.

Ya 1943 ilitengenezwa na Wajerumani wa Hitler, shujaa wake ofisa wa Kijerumani wa kubuni, wabaya wake matajiri wa Kiingereza. Mwongozaji, Herbert Selpin, alikamatwa kwa kulitukana jeshi, akakutwa amenyongwa selo. Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, akakataza isionyeshwe Ujerumani. Meli waliyopigia picha, Cap Arcona, ilishambuliwa na ndege za Uingereza Mei 1945 ikiwa imejaa wafungwa wa kambi za mateso, na waliofia humo ni wengi kuliko wa Titanic. Ndiyo inayoninyima usingizi, na ni wachache wanaoijua.

Mwanangu wa kati akauliza kama mweusi hakuwamo. Alikuwemo: Joseph Laroche, mhandisi wa Haiti, na mke wake mjamzito na mabinti wawili. Yeye alikufa, wao wakaokoka. Filamu zote mbili za usiku ule zimempita. Wachina sita waliookoka walisingiziwa magazetini kuwa walijificha kwenye maboti, na Marekani ikawafukuza. Mmoja wao, Fang Lang, aliokotwa juu ya ubao; Cameron alipiga picha tukio hilo, kisha akalikata. Hadithi yao ilipata filamu yake, The Six, mwaka 2021.

Babu amesema hiyo ndiyo ya Jumamosi ijayo, na kwamba hakuna atakayewasha televisheni kabla bwana mdogo hajakagua koki zote na kutoa ruhusa.