Saa 2 Usiku

Jumamosi

Kompyuta mpya imezimika leo saa 2 na dakika 10 usiku, kazi ikiwa asilimia 14. Skrini iligeuka nyeusi ghafla, kisha mtambo mzima ukajiwasha upya. Nilikuwa mbele yake na sahani ya bada na samaki. Bada imepoa.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi hapa Tanga, na sasa ni Shaabani. Kila familia inataka kumaliza shughuli kabla ya mfungo. Kompyuta ya zamani ilikuwa ikikesha na harusi moja mpaka asubuhi. Basi kwa miezi minne nimekuwa nikinunua kifaa kimoja kimoja: boksi, mazabodi, prosesa, ramu, pawasaplai ya wati 750, na mwisho kadi ya grafiki, RTX 3080 ya mtumba. Kadi hizi zilimwagika sokoni baada ya Septemba 2022, Ethereum ilipoachana na uchimbaji wa sarafu kwa kadi za grafiki, na waliokuwa nazo kwa mamia wakawa hawana pa kuzitumia. Yangu ilipitia Kariakoo, ikaja Tanga kwa basi. Alhamisi niliunganisha kila kitu mwenyewe. Skrubu hazikubaki wala hazikupungua.

Harusi iliyomo ndani ni ya Chumbageni. Mjomba wa bibi harusi anarudi Muskati Jumatatu ya wiki ijayo, na hataki kuondoka bila video. Mama wa bibi harusi amenipigia mara tatu kunikumbusha. “Mwanangu, usituangushe.” Nimemwambia haitatokea, nikaanza tena kutoka sifuri.

Jumapili

Windows huweka kumbukumbu ya kila hitilafu. Nimeifungua. Imeandikwa Kernel-Power 41, maana yake mashine imezimika bila kufungwa ipasavyo. Hilo nililiona kwa macho yangu. Sababu haikuandikwa.

Hata hivyo ilikuwa na jambo la kuniambia. Kadi ikikwama kwa ajili ya draiva, kwa kawaida Windows huingoja sekunde 2, kisha huiwasha draiva upya; skrini hupepesa, na mtu huletewa taarifa kwamba draiva iliacha kujibu. Yangu haipepesi. Inakata moja kwa moja, kama mtu amechomoa plagi. Hiyo ni dalili ya umeme, si ya programu. Leo sikuisoma hivyo. Nimefuta draiva yote, nikahitaji kupakua nyingine, na bando likaisha katikati. Kwenye kibanda cha vocha kijana alikuwa amekwenda kuswali alasiri. Nimemngoja kwenye benchi pamoja na watu wanne waliokuja kutoa pesa.

Usiku, draiva mpya ikiwa ndani, imefika asilimia 31, ikazimika. Ilikuwa saa 3 kasoro dakika 5. Ninaziandika saa hizi pembeni ya daftari la wateja, kwa kuwa sina pengine pa kuandika.

Jumatatu

Nimeipeleka kompyuta Ngamiani kwa fundi. Kadi yenye uzito ule haisafirishwi ikiwa imening'inia kwenye mazabodi, kwa sababu kila shimo la barabara huivuta sloti. Nimeitoa, nikaifunga kwenye kanga, nikaipakata ndani ya bajaji. Dereva akauliza kama ni mtoto. Nimemwambia ni kadi.

Foleni ilikuwa ya watu saba, wote na simu. Mama mmoja simu yake ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya dagaa. Fundi ameanza naye, na ni haki, kwa kuwa maji ya chumvi hayasubiri.

Zamu yangu ilifika saa 6 mchana. Fundi ameiwasha, akaweka jaribio la kuikamua kadi, akaendelea na simu zake. Saa nzima. Joto la kadi lilikaa nyuzi 74, na mtengenezaji ameruhusu mpaka 93. Haikutikisika. “Kaka, hapa haina tatizo,” amesema. Nimemlipa ada ya ukaguzi. Amekagua kwa uaminifu, na ugonjwa haukuwepo.

Nyumbani imezimika saa 2 na dakika 25 usiku.

Jumanne

Ninakaa upande wa Raskazone, na msimu huu wa kaskazi upepo wa bahari unaingia ndani moja kwa moja. Bawaba za madirisha yangu zimeliwa. Kwa hiyo leo nimeshuku chumvi. Nimeichomoa kadi, nikaangalia meno yake ya dhahabu chini ya taa. Yalikuwa na utando hafifu, kama kioo kilichoshikwa na mkono wa mafuta. Nimeyasugua taratibu kwa ufutio wa penseli wa mpwa wangu, nikapangusa kwa spiriti, nikasubiri yakauke. Mpwa wangu amedai ufutio mpya.

Nimejaribu na ramu pia. Ramu ikiendeshwa kwa kasi kuliko inavyoweza, huleta maafa yanayofanana sana na ya kadi, na watu wengi wamerudisha kadi nzima dukani kwa kosa la ramu. Nimeishusha kwenye kasi ya kawaida, nikaacha MemTest86 izunguke kutoka asubuhi mpaka magharibi. Makosa sifuri. Nimepoteza siku, lakini ramu nimeiondolea tuhuma.

Ilipozimika usiku, saa 1 na nusu, sikusimama kitini. Nimepitisha mkono nyuma ya boksi kutafuta joto, nikanusa harufu. Nimefungua ubavu. Hapo nimeona nilichotakiwa kukiona siku ya kwanza.

Kadi hii ina matundu mawili ya umeme, kila moja la pini 8. Mimi nilitumia waya mmoja wenye vichwa viwili, kile cha pili kikiwa kimeunganishwa kwenye cha kwanza kama mkia. Vichwa vyote vimeingia vizuri, na macho yanaridhika. Lakini hesabu hairidhiki. Kadi inavuta wati 320. Sloti ya mazabodi hutoa 75 tu. Zinazobaki ni 245, na kwa volti 12 hizo ni zaidi ya ampea 20, zote zikipita kwenye waya mmoja, wakati tundu moja limepangiwa wati 150. Na kadi haivuti kwa utulivu. Kuna vipande vidogo sana vya sekunde ambapo inaruka mbali juu ya kiwango chake. Kichwa cha kwanza kilikuwa kimeanza kugeuka rangi ya chai kwenye pini mbili.

Dawa yake ni nyaya mbili, kila tundu na wake. Boksi la pawasaplai lilikuja na mmoja. Kadi imelala kwenye kanga tena.

Jumatano

Kosa ambalo mtu anaweza kulifanya hapa ni kuazima waya wa pawasaplai ya kampuni nyingine. Upande wa kadi vichwa vyote ni sawa, ila upande wa pawasaplai kila mtengenezaji amepanga pini zake anavyotaka. Waya unaingia, unabana vizuri, na volti zinakwenda pasipostahili. Fundi wa Ngamiani alikuwa nao mmoja mkononi, wa bure, na amekasirika kidogo nilipokataa. Nimeagiza wa kampuni ileile kutoka Kariakoo, kwa basi la asubuhi.

Basi lilitakiwa Kange saa 7 mchana. Saa 8 nimeambiwa liko Segera. Saa 9 nimeambiwa limetoka Segera. Saa 10 na robo limeingia, tairi moja likiwa limebadilishwa njiani, na kifurushi changu kilikuwa chini ya magunia matatu. Kondakta ametaka kitambulisho. Nimekitoa. Ametaka na risiti, iliyokuwa kwenye simu, na simu ilikuwa imeishiwa chaji. Mama lishe ameniazima chaja, Mungu ambariki. Bahasha ilikuwa nyepesi kama barua.

Saa 11 jioni nyaya mbili zilikuwa mahali pake. Nimeanza kazi nikiwa na furaha ya kweli. Imekwenda asilimia 20, 30, 40.

Imezimika saa 2 na dakika 5.

Alhamisi

Usiku nilikaribia kuirudisha kadi kwa aliyeniuzia, kumwambia ni mbovu. Sijafanya hivyo kwa sababu ya daftari. Asubuhi nimelifungua kumtafutia mteja namba yake, macho yakaangukia pembeni. Saa 2:10. Saa 3 kasoro 5. Saa 2:25. Saa 1:30. Saa 2:05. Hakuna hata moja ya mchana. Kwa fundi ilifanya kazi saa 6 adhuhuri. Jana ilifanya kazi jioni yote. Kadi mbovu haijui kwamba magharibi imeingia.

Nimeazima mita kwa fundi umeme wa mtaa wa pili. Soketi ya ukutani, saa 4 asubuhi, kompyuta ikifanya kazi: volti 226. Adhuhuri: 215. Saa 2 usiku, taa, feni, pasi na friji za mtaa mzima zikiwa hai: 186. Jirani yangu anauza barafu na juisi ya ukwaju, ana friza mbili, na zilipoanza kunguruma kwa pamoja mita imesoma 179. Mama huyo hana kosa. Nyumba zetu ziko mwisho wa laini, na waya mrefu hupunguza volti kadiri watu wanavyovuta. Bwawa la Hale liko mkoa huu huu, lilianza kuzalisha umeme miaka ya 1960, na Pangani Mpya ya megawati 68 imeongezeka chini yake tangu 1995. Ukaribu wa bwawa haumsaidii aliye mwisho wa laini.

Kisha nimeigeuza pawasaplai kusoma kibandiko chake. Pawasaplai nyingi nzuri hukubali volti 100 mpaka 240, na mtu wa 186 angelala usingizi. Yangu imeandikwa 200–240. Herufi ni ndogo kuliko punje ya mchele. Chini ya 200 haijaahidi kitu. Kadi inaporuka kuvuta kwa nguvu wakati huo, pawasaplai inajilinda kwa kukata. Kadi ya grafiki ndiyo mlaji mkubwa humo ndani, kwa hiyo lawama zote huiangukia. Nimeifuta vumbi.

Kuhakikisha, nimeipunguzia kadi ruhusa mpaka asilimia 70, yaani wati 224, nikaanza kazi usiku huohuo. Imevumilia saa mbili na dakika 15, muda ambao haikuwahi kuufikia usiku. Kisha friza zikanguruma. Mama wa bibi harusi alipiga wakati huohuo. Nimemwambia tumepata chanzo. Ameuliza chanzo ni kitu gani na kama kinaonekana kwenye televisheni.

Ijumaa

Nimekwenda kununua stabilaiza. Duka limefungwa kwa swala, kama ilivyo haki. Baada ya swala mbele yangu kulikuwa na bwana mmoja akinunua swichi 40, na alitaka kila moja ijaribiwe. Zilijaribiwa zote 40. Ya 33 ilikuwa mbovu, basi nimemwelewa.

Stabilaiza ya VA 2,000 ni nzito. Nimeifunga kwenye keria ya baiskeli kwa mpira wa tairi la ndani, nikaisukuma kwa miguu mpaka nyumbani. Saa 2 usiku: inaingia 184, inatoka 228. Kila mara friza za jirani zinapoanza, inagonga mara moja ndani, tak, na kioo chake kinarudi 228. Nimekaa nikiisikiliza muda mrefu. Ni sauti nzuri.

Kazi ilifika asilimia 92. Umeme ukakatika mtaa mzima. Stabilaiza hainyanyui umeme ambao haupo.

Umerudi saa 7 usiku. Nimeanza tena kutoka sifuri.

Jumamosi

Imekamilika saa 10 na dakika 40 alfajiri, kabla ya adhana. Saa tatu na dakika kumi na mbili za harusi, sauti na picha, bibi harusi akitoka ndani na mikono yake ya hina, bila fremu moja iliyokatika. Nimeitazama yote mwanzo mpaka mwisho. Pale bibi yake anapomfuta jasho kwa ncha ya ukaya, rangi zimetoka kama nilivyoziona kwa macho siku ile.

Flashi ya mjomba imekataa. Ina gigabaiti 64, faili langu lina 11, na bado inasema faili ni kubwa mno. Ilikuwa imefomatiwa kwa FAT32, ambayo haikubali faili moja linalofika gigabaiti 4. Ndani yake kulikuwa na picha zake za Muskati. Nimezihamisha kwanza, nikafomati kwa exFAT, nikazirudisha zote, nikazihesabu. 1,316.

Jumapili

Nimeifikisha Chumbageni mwenyewe. Wameiweka kwenye televisheni, sebule ikajaa, watoto wakakaa chini. Mjomba ameshika rimoti, amefika pale kwa bibi na ukaya, amerudisha nyuma, ametazama tena, amerudisha tena. Hakuna aliyemwambia asogeze mbele.

Alipomaliza ameomba nakala ya pili, ya dada yake aliyeko Muskati ambaye hakupata ruhusa ya kusafiri. Anaondoka kesho saa 12 asubuhi. Nimerudi nyumbani kuiandaa. Saa 2 usiku nimepima soketi. 185. Nimeiandika pembeni ya daftari, nikawasha.