Mwacheni Mama Aishi Japo Nusu Saa

Mh! Jamani, hivi hawa watu wa Hollywood, mama kawakosea nini? Kila wakitengeneza filamu ya kuangalia na watoto, bisi hazijaisha mama keshazikwa. Bambi, 1942: risasi. Finding Nemo, 2003: hujakaa vizuri, mzia kapita na mama na mayai, limebaki moja. Wale mabinti wa kifalme, Ariel na Jasmine, ndio kabisa, mama zao hatukuonyeshwa hata kivuli. Simba wa The Lion King anaye mama, Sarabi, lakini kazi aliyopewa ni kumwogesha mtoto. Mausia yote mazito ni ya baba, Mufasa, na ile sauti ya James Earl Jones ya kutikisa vioo. Huko Serengeti wanaohangaika kuwinda zaidi ni majike, lakini nani aliwauliza majike?

Hilo la Nemo ndilo linalonimaliza. Wataalamu wa bahari wanasema samaki wa aina ile, jike kubwa likifa, dume lake hugeuka jike. Kwa hiyo Marlin, yule baba wa kumlinda mtoto mpaka kero, kwa haki ya bahari alitakiwa awe mama! Bahati yake hakugeuka. Naye angelishwa mzia.

Haya, mama akibahatika kubaki hai, anageuzwa bwana jela. Mnaikumbuka Mrs. Doubtfire, 1993? Baba, Robin Williams, kaacha kazi kwa hasira, halafu siku ya kuzaliwa kwa mwanawe anajaza wanyama ndani ya nyumba. Mkewe, Miranda, anarudi kutoka kazini, kazi ileile inayolisha watu mle ndani, anakuta sebule imekuwa zizi. Anafoka. Basi angalia filamu ile na watu wazima na akili zao, utasikia wanavyomsonya... Miranda! Zizi halikusonywa.

Subirini, hiyo si kali. Baba anafukuzwa, anavaa sketi na matiti ya bandia, anarudi kama yaya wa makamo. Anazima televisheni. Anasimamia masomo ya watoto. Anapika. Ndiyo mambo yaleyale aliyoyalilia Miranda miaka yote akaitwa mnoko! Kayasema mwanaume aliyejipaka poda, yamekuwa busara. Khaa! Angalau mwishoni hawakurudishana, hapo nawavulia kofia.

Halafu wale akina baba wa simu. Ratiba ni moja: mtoto ana mchezo, baba ana mkutano. Hook, 1991, anamtuma mfanyakazi wake akapige video. Jingle All the Way, 1996, Schwarzenegger anakosa karate ya mwanawe, na mwanasesere aliyeagizwa anaanza kumsaka mkesha wa Krismasi. Liar Liar, 1997, Jim Carrey anaiba ngazi ya uwanja wa ndege, anaikimbiza ndege kwenye lami. Machozi! Muziki! Baba bora! Mama aliyepeleka mtoto kliniki, akakesha na homa, akasaini madaftari, yeye hana ndege ya kukimbiza. Kuna mwenzetu hapa kijiweni, simtaji, filamu hiyo ilimliza kama kafiwa. Juzijuzi kaulizwa mwanawe yuko darasa la ngapi. Akatoa simu, akampigia mkewe.

Lakini kwangu bingwa ni Home Alone, 1990. Mtoto wa miaka 8 kasahauliwa na wazazi wawili, nasema wawili, wameshapaa kwenda Paris. Anayejilaumu ni mama, Kate. Shemeji yake anamfariji eti na yeye kasahau miwani ya kusomea. Loo! Kate anatoa hereni na saa apate kiti cha ndege, analala viwanja vya watu, anamalizia safari nyuma ya gari la wapiga polka. Baba je? Kabaki Paris na wengine, kasubiri ndege ya kawaida, kaingia mlangoni dakika chache tu baada ya mkewe. Tena kapumzika!

Na msidhani walijifunza. 1992 wakampoteza mtoto yuleyule, safari hii New York. Kate akaingia barabarani usiku kumtafuta, na ni yeye aliyemwona. Baba, Peter, naye msimdharau, ana mchango wake: sauti ya mwisho tunayoisikia kwake ni ukelele wa bili ya chakula cha hotelini. Dola 967.